Natokea Nakuru na gari langu, nataka kupiga picha za mandhari Iringa hadi Ziwa Nyasa. Nipunguze wapi?

Lenzi254 (mleta mada)

Wakuu, hamjambo. Mimi ni jirani yenu wa Nakuru. Siku za kazi ni mhasibu, wikendi nashika kamera. Nimepiga Naivasha, Aberdare na Chalbi mpaka ndugu zangu wamechoka kutumiwa machweo. Tanzania naijua Arusha tu, nako nilikwenda harusini. Nyanda za Juu Kusini sijawahi kukanyaga wala simjui mtu.

Nimepata likizo ya siku kumi. Nimechagua Februari makusudi kwa kuwa ni kiangazi: anga safi, barabara kavu. Naja na Forester, tuko wawili, mimi na shemeji yangu ambaye hapigi picha ila kwa kula yuko tayari saa zote.

Mpango wangu: siku ya kwanza Nakuru, Namanga, Arusha. Ya pili Arusha hadi Iringa kupitia Dodoma. Ya tatu nguzo za udongo za Isimila asubuhi, mashamba ya chai Mufindi mchana, kulala Njombe. Ya nne uwanda wa Kitulo. Ya tano Mbeya, kilele cha Loleza na barabara ya Chunya. Ya sita Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu. Ya saba ufukwe wa Matema. Ya nane kimondo cha Mbozi. Ya tisa na ya kumi kurudi nyumbani.

Nikosoeni bila huruma. Na je, naweza kuja na droni?

Mpasua_Mbao

Nimekaa kiti cha mbele. Endeleeni.

MnyaluWaKihesa

Kamwene mkuu, karibu sana. Nianze na siku yako ya pili, maana naona uliipanga umekaa kwenye kochi. Arusha mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 400, Dodoma mpaka Iringa nyingine kama 260. Lami ipo njia nzima, lakini vijiji ni vingi na kila kijiji kina kibao chake cha 50. Utaingia Iringa usiku, mgongo umekufa, na Mtera utakuwa umeipita gizani.

Na Mtera ndiyo ilitakiwa iwe picha yako ya kwanza. Bwawa lilipojaa lilizamisha miti, na mingine imesimama majini mpaka leo, mikavu, haina jani. Lala Dodoma, toka alfajiri, Mtera iko katikati ya njia ya kuja Iringa. Ila kamera ielekeze kwenye maji na miti. Ukuta wa bwawa uache kama ulivyo, wale walinzi hawana utani. Shemeji mnunulie samaki wa kukaanga barabarani hapo hapo, atatulia mpaka Iringa.

Isimila watu wengi wanaenda saa sita mchana, ndiyo maana picha zao zinaonekana kama ukuta wa nyumba ya tope. Zile nguzo zimechongwa na mmomonyoko wa udongo. Zinataka mwanga wa ubavuni ndipo mikunjo ionekane. Ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kwa hiyo nenda asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo panda Gangilonga, jiwe linaloongea, uone mji mzima chini yako taa zikianza kuwaka.

PichaUyole

Mwagonile. Mimi nina studio ndogo hapa Uyole. Familia nailisha kwa picha za pasipoti na harusi, milima naipiga kwa mapenzi. Umesema bila huruma, haya.

Umetumia kalenda ya Kenya. Kwenu kuna mvua za vuli na za masika, katikati mnapata kiangazi cha Januari na Februari. Huku mvua ni moja. Inaanza Novemba, inakwisha Aprili au Mei. Hiyo Februari yako kavu ndiyo tumbo la masika yetu. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazonyesha kuliko zote nchini, inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukija Februari utarudi Nakuru na picha za waipa.

La pili ndilo kubwa. Unahesabu kilomita. Huku hesabu mpando na mteremko. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, Matema ufukweni mwa Nyasa ni kama mita 500 tu, na kati yake ni mwendo wa siku moja. Asubuhi unatafuta koti, jioni unatafuta feni. Na kila kimo kina saa zake. Milimani alfajiri huwa kweupe, ikifika saa nne au saa tano mawingu yanapanda kutoka mabondeni na kufunika kila kitu. Kwa hiyo mlima ni wa asubuhi. Ngosi uwe ukingoni kabla ya saa tatu. Unaingilia Isongole, unapanda msituni kwa miguu, na ukichelewa utasimama juu ya ziwa usione hata tone la maji. Limenikuta mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na mteja aliyeshalipa.

Matema ni kinyume chake. Milima ya Livingstone iko mashariki mwa ufukwe, imesimama wima. Asubuhi jua linatokea mgongoni kwake, unapata weusi mtupu na mng'ao ndani ya lenzi. Subiri saa kumi jioni. Jua likiwa magharibi linaipiga milima usoni, kila korongo linajitokeza, na wavuvi wanakuwa ndiyo wanaandaa mitumbwi.

Jambo dogo: saa zetu ni moja na zenu ila sisi tuko magharibi na kusini zaidi. Mwisho wa Mei jua huku linachomoza karibu saa moja kasoro, dakika ishirini na kitu baada ya kwenu. Mwambie shemeji ana usingizi wa bure.

Sasa kukata. Kimondo cha Mbozi ni ajabu kweli, chuma cha tani zaidi ya kumi kutoka angani, lakini hicho ni kitu cha kusimama ukishangae. Mandhari hakuna. Kata. Loleza kileleni kuna minara ya mawasiliano, itakuharibia kila pembe. Kata. Barabara ya Chunya ibakize, ni lami, na pale juu unapoangalia bonde la Usangu patakulipa kwa saa moja tu ya mwendo. Kurudi Nakuru kutoka Matema ni karibu kilomita 1,600. Siku mbili? Weka tatu. Ukifanya hesabu ya kihasibu utaona kwenye siku kumi zako umebakiwa na nne za kupiga picha. Ongeza siku, au chagua upande mmoja: Iringa, Mufindi na Njombe, au Rungwe na Kyela.

Ningekuwa wewe ningekuja mwisho wa Mei. Mvua imekwisha, vumbi halijaanza, na mashamba hayajaanza kuchomwa. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba moshi unatanda, mlima wa kilomita kumi tu unauona kama umechorwa kwa penseli halafu ukafutwa.

BintiMakete

Samahani kaka PichaUyole, umemshauri vizuri ila umemnyima mgeni kitu. Maua! Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua. Kuna aina 350 za mimea, 45 kati yake ni okidi za ardhini. Zinachanua Desemba mpaka Aprili. Akija mwisho wa Mei atakuta majani yanageuka rangi ya nyasi za paa.

Halafu mvua si adui wa kila picha. Ua ukilipiga kwenye jua kali rangi inaungua. Wingu likitanda ni kama umeweka shuka nyeupe mbele ya taa. Februari mvua mara nyingi inakuja mchana, asubuhi unapata nafasi yako.

PichaUyole

Dada, kwa maua nakubali, nanyoosha mikono. Lakini afike vipi? Forester kwenye matope ya uwandani, Februari, na mtu asiyejua njia?

BintiMakete

Sikusema apande na gari lake. Aliache Chimala, akodi gari refu la wenyeji mpaka Matamba, ofisi za hifadhi ziko huko. Ile njia ina kona 57. Tulikuwa tunazihesabu tukiwa watoto na hatukuwahi kupata idadi moja, maana lazima mmoja atatapika katikati na hesabu inavurugika. Ila ukigeuka nyuma kona ya arobaini na kitu unaona Usangu yote imelala chini. Hiyo picha tu inatosha nauli.

Mpasua_Mbao

Mleta mada ana lenzi gani? Tusije tukapanga ya maua kumbe mtu ana ya ndege.

Lenzi254

Nina lenzi pana ya 16-35, ya kati ya 24-70 na ndefu ya 70-200. Stendi ya miguu mitatu, filta ya kupunguza mng'ao na ile nyeusi ya kuchelewesha maji.

PichaUyole

Usibebe zote mlimani. Ngosi chukua pana, ziwa lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na wewe uko karibu nalo mno. Chunya na Matamba chukua ndefu, bonde likipigwa kwa lenzi pana linageuka mstari. Wageni wengi wanakosea hapo. Wanaona ukubwa, wanafungua pana kabisa, wanafika nyumbani na anga tupu. Filta nyeusi ni ya mto Kiwira na maporomoko ya Kaporogwe. Kijungu, lile shimo la mwamba mtoni Kiwira, kiko ndani ya eneo la Magereza, ukifika getini jitambulishe na uombe kabla hujatoa kamera.

DerevaWaTunduma

Kamera siijui. Barabara naijua.

Hiyo TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, ni ya malori. Mafuta na mizigo ya Zambia na Kongo yote inapita hapo kuelekea Tunduma. Ukiona matawi ya miti yametandikwa lamini, kuna gari bovu mbele, punguza mwendo hapo hapo usingoje ulione. Inyala na Mlima Nyoka shuka na gia nzito, usitegemee breki. Usiku msitembee. Ukungu wa Isyonje usiku unaweza usione boneti yako mwenyewe.

Na nyie wapiga picha mna tabia moja mbaya sana. Mnaona kilima kizuri, mnakanyaga breki kwenye kona. Nyuma yako kuna tani 50 za shaba. Pitiliza, tafuta pa kupaki, rudi kwa miguu.

Makaratasi: pasipoti, kadi ya gari, kibali cha muda cha gari unachokatiwa mpakani, bima ya COMESA ile kadi ya njano, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Ukipigwa tochi ya kupima mwendo kwenye 50, faini ni 30,000 kwa kosa, na unailipa kwa namba ya malipo. Usimpe mtu noti mkononi. Mafuta jaza Makambako au Njombe kabla ya kwenda upande wa Makete.

SheriaKidogo

Droni iache Nakuru. Inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na idhini ya upande wa ulinzi, na viwe mkononi kabla hujavuka mpaka. Hifadhini TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, nao wana kibali chao. Kwa likizo ya siku kumi hutamaliza. Pia usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi. Reli ya TAZARA ukitaka kuipiga, uliza stesheni kwanza.

MamaWaIpinda

Mwanangu Lenzi, nimesoma yote, naona wanakufundisha mawingu na malori, hakuna anayekufundisha watu. Mimi nitasema.

Huku ukikutana na mtu mzima unaanza na shikamoo. Wakenya mna haraka, mnaanza na "habari" halafu kamera. Mtu hatakukatalia kwa maneno, atakugeuzia mgongo tu. Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Wakisi wanavileta kwa mitumbwi, wamevipanga na majani visivunjike. Nenda, salimia, nunua hata kimoja kidogo, kaa chini. Kamera iwe ya mwisho. Na ukimwahidi mama wa watu kumletea picha yake, mletee. Wageni wameahidi picha pale miaka na miaka.

Ukitaka kusimamisha hiyo miguu mitatu shambani kwa mtu au kijijini, mwone mwenyekiti wa kijiji kwanza. Dakika tano tu.

Lenzi254

Shikamoo mama. Asante.

Wakuu, nimefuta karatasi yangu na kuanza upya. Februari imekufa. Maua ya BintiMakete nayaweka mwaka mwingine, nije kwa ajili yake peke yake. Nimeomba siku nne zaidi bila mshahara, kwa hiyo ni 14, kuanzia katikati ya Mei. Mbozi na Loleza nje. Droni inabaki. Nitalala Dodoma, na nimepanga asubuhi mbili kwa ajili ya Ngosi endapo ya kwanza itaziba. Mufindi kuna ruhusa yoyote?

Mpasua_Mbao

Hatimaye swali langu! Mashamba ya chai ni ya makampuni, simama getini uombe, mara nyingi wanakubali ukisema ni picha za kumbukumbu. Kutoka Mafinga utapita kwanza misitu ya misonobari ya Sao Hill. Msitu wa kupandwa ni mistari mitupu, lakini ukungu wa asubuhi ukiingia kati ya ile mistari, utanikumbuka. Na ukiuziwa ulanzi, pombe ya mianzi, kunywa kidogo. Ule wa asubuhi ni mtamu kama soda, wa jioni si mwenzako.

Lenzi254

MREJESHO

Wakuu, tumerudi salama. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nalipa deni la usingizi.

Mtera: MnyaluWaKihesa Mungu akubariki. Tulifika miti ikiwa bado ina ukungu miguuni. Shemeji alikula samaki wanne kabla ya saa mbili asubuhi. Isimila nilikaa saa tatu, sikutegemea. Jua likisogea kidogo tu, nguzo nyingine zinatoka na nyingine zinarudi ndani. Mufindi tuliruhusiwa getini baada ya shikamoo kama sita.

Njombe baridi yake mlinificha. Maporomoko ya Luhuji yako mjini kabisa, nilipiga nikiwa nimevaa soksi mikononi. Kitulo tulikodi gari Uyole tukapandia Isyonje. Maua machache yaliyochelewa, BintiMakete ulisema kweli, lakini nyasi zilikuwa na umande uliogandia asubuhi na jua lilipozigusa uwanda mzima ukawaka. Betri mbili zilikufa kwa baridi. Dereva akaniambia niziweke kwapani. Nikaziweka. Zikafufuka.

Ngosi siku ya kwanza: nyeupe pii. Siku ya pili tulikuwa ukingoni saa mbili na nusu, maji ya kijani, hakuna upepo, hakuna mtu. Saa nne kasoro wingu lilikuja kutoka upande wa Rungwe likafunga pazia. Saa moja na kitu, basi. Ningekuwa na asubuhi moja tu ningerudi na hadithi.

Sasa aibu. Tuliondoka Tukuyu kwenye manyunyu na baridi, kamera iko kwenye buti. Tukashuka Kyela, joto, tukafika Matema saa kumi na moja milima ikiwa inawaka vile vile alivyosema PichaUyole. Nikafungua begi, lenzi ikatoka jasho. Nje na ndani. Napangusa, inarudi. Nilikaa mchangani kama nusu saa nikiitazama rangi ikihama kutoka njano kwenda nyekundu kwenda zambarau, na kioo bado kina ukungu. Picha ya Livingstone mtakayoiona hapo chini imepigwa na shemeji, kwa simu, akiwa na hindi la kuchoma mkono wa pili. Ndiyo picha bora ya safari nzima na ameshaanza kujiita msanii.

PichaUyole

Pole sana, hilo nililisahau na ni kosa langu. Ukishuka kutoka baridi kwenda joto, kamera ifungie ndani ya mfuko usiopitisha hewa na usiufungue mpaka ipate joto la mahali. Mimi naishusha kwenye kiti cha nyuma kuanzia Tukuyu, vioo vya gari wazi, ipashe polepole. Buti hapana.

DerevaWaTunduma

Kwenye kona mlisimama?

Lenzi254

Mara moja. Shemeji alinitajia tani 50 za shaba, nikaondoa.

Mama Ipinda, Lyulilo nilikwenda Jumamosi. Nilinunua vyungu viwili, kimoja kilivunjika Makambako. Kuna mama mmoja muuzaji alinikalisha kwenye kigoda karibu saa nzima kabla sijatoa kamera, akanisimulia udongo wanaupataje. Picha yake ni ile ya mikono kwenye chungu. Nilimwahidi nitamletea. Sasa niko Nakuru, na hana simu ya picha. Nifanyeje?

MamaWaIpinda

Nilijua.

PichaUyole

Nitumie faili kubwa, lile la kamera, usilipitishe kwenye WhatsApp. Mimi nitaisafisha hapa dukani. Jumamosi ijayo nina harusi Kyela, nikitoka hapo naunganisha Lyulilo. Niambie alikuwa amekaa upande gani wa soko na alivaa nini.

Lenzi254

Upande wa majini, karibu na mti mkubwa, kitenge cha bluu chenye samaki. Gharama ni shilingi ngapi?

PichaUyole

Ya kusafisha nimekusamehe. Chagua saizi: 5 kwa 7 au 8 kwa 10?

MamaWaIpinda

8 kwa 10. Na ya mikono peke yake hataitaka, mtafutie moja yenye uso.